Doa la Mashariki

Katika maisha yangu ya kazi nimesema uongo mkubwa mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja kwa kalamu, na ule wa kalamu ukaonekana angani. Sitii chumvi. Ulichorwa kwenye ramani, ukapakwa rangi nyekundu, ukajadiliwa na watu wenye elimu ya kupindukia katika nchi tatu. Mimi, Rosalindo Zuleta, fundi, mzaliwa wa Toconao, mji mdogo chini ya mlima, nilikaa nyuma yao nikimimina chai na kunyamaza.

Darubini yetu iko mlimani, mita elfu tano na ushee, mahali ambapo mtu akifunga kamba za kiatu kimoja hupumzika kwanza kabla ya kushika cha pili. Haitazami nyota. Inapima joto lililobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, joto ambalo limepoa mpaka limebaki digrii tatu kasoro juu ya baridi ya mwisho kabisa. Limeenea anga zima, karibu sawasawa. Nasema karibu, kwa sababu kuna mahali limezidi na mahali limepungua, kwa kiasi cha sehemu moja ya laki moja. Hizo tofauti ndizo wakubwa wanazozitafuta, maana wanasema ndizo zilizoota baadaye zikawa kila kitu, na sisi tukiwemo. Nimeyasikia hayo kwa miaka kumi na moja na ninayaamini, ingawa hesabu zake sizijui.

Ninachokijua mimi ni usafi. Kwa chombo kinachopima ubaridi wa namna ile, kila kitu chetu ni moto. Jiwe ni moto. Barafu ni moto. Mtu akikatiza mbele yake ni kama amepitisha tanuri. Ndiyo maana tuna sheria moja kubwa kuliko zote: hakuna kitu kipya kinachowekwa mahali darubini inapoweza kukiona, hata kama ni pipa au kipande cha waya, bila kuandikwa katika kitabu cha zamu, kinachopanda na kushuka na fundi, pamoja na tarehe na jina la aliyekiweka. Mimi ndiye niliyewafundisha wengine sheria hiyo, na nilikuwa mkali nayo. Niliwahi kumfokea dereva wa maji mbele ya wenzake kwa sababu ya ndoo.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi.

Mwaka juzi, tarehe kumi na nane Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Luka, msimamizi wa mji wetu, zamu ilikuwa yangu. Mkesha wake nilikunywa. Sikunywa kistaarabu, nilikunywa kama mtu asiye na kesho, na kesho ikaja alfajiri kichwa kikinigonga. Nikaenda kubisha kwa Hermógenes Tejerina, fundi mwenzangu na kompadre wangu, kwa kuwa binti yake Anaís nilimsimamia ubatizo. Hermógenes alikuwa na ruhusa siku hiyo. Anaís, miaka kumi na mmoja, alikuwa acheze ngoma mbele ya mtakatifu kwa mara ya kwanza, na baba yake alikuwa amemwapia kwamba atasimama mstari wa mbele.

"Kompadre, nisitiri," nilimwambia. "Ni pampu ya ubaridi tu. Panda, ikague, shuka. Saa nne uko hapa, ngoma hata haijaanza."

"Leo? Leo hapana, Rosalindo. Mtoto ataniua."

"Nakuomba. Nikipanda hivi nitajiua barabarani."

Alinisogelea, akanusa pumzi yangu, akacheka. "Wewe ukiwasha kiberiti leo unalipuka. Nenda kalale. Lakini Nolberta akiuliza, utamjibu wewe."

Nolberta ni mkewe. Aliuliza, lakini si asubuhi ile. Aliuliza jioni, gari likiwa limeshaokotwa kwenye kona iliyo ukingoni upande wa mashariki, mahali ambapo barafu ilikuwa imeganda usiku kucha na gari likateleza likabingirika.

"Kwa nini alipanda?" aliniuliza. "Alikuwa na ruhusa. Mtoto amecheza akimtafuta kwa macho mpaka mwisho. Kwa nini alipanda, kompadre?"

Uani kulikuwa na watu thelathini, wote wamenikodolea macho, na kinywa changu kilikuwa bado kinanuka. Nikasema, "Aliniomba mwenyewe. Alisema afadhali mlima kuliko kelele za sherehe."

Huo ndio uongo wa mdomo. Nilidhani utapita pamoja na matanga, nao haukupita. Nolberta alimzika mumewe kwa hasira. Anaís alizifungua njuga miguuni akazitia katika sanduku, na hajacheza tena.

Kwetu mtu akifia njiani, pale pale roho ilipomtoka husimikwa kibanda kidogo, kimo cha goti, chenye paa la bati na msalaba, ili wapitao wamwashie mshumaa. Hakiwekwi pengine, na kikishawekwa hakiguswi. Mwenye haki ya kukiweka ni mke. Nolberta alikataa. "Aliupenda mlima, basi mlima umtunze," alisema. Nikaona siwezi kuvumilia kuipita kona ile kila siku ikiwa tupu. Siku ya tisa nilipanda peke yangu na kibanda nilichokigonga mwenyewe, bati jipya linang'aa, nikakisimika. Nilipoinua kichwa, darubini ilikuwa imenielekea.

Nilijua sheria. Lakini ningekiandika, ofisi ingetaka idhini ya mjane, na mjane angeuliza kwa nini mimi ndiye ninayemjengea mumewe. Katika mji wetu mtu asiye ndugu hajengi kibanda ila ana lake la kutubu. Basi nilifungua kitabu cha zamu, na mbele ya maneno "kitu kipya" nikaandika: hakuna.

Miaka miwili ikapita, na mwezi wa tisa mwaka huu akaja Daktari Ximena Oyarce.

Daktari Ximena ni mtu wa bandari ya Talcahuano, binti wa fundi wa meli, na ndiye anayetengeneza ramani. Nampenda kwa sababu huosha kikombe chake mwenyewe. Aliingia ofisini kwetu bondeni na kompyuta kifuani, macho mekundu.

"Don Rosalindo, njoo uone balaa," alisema. "Kipande kile kile cha anga tunakipima kikichomoza mashariki, tunakipima tena kikizama magharibi. Natoa ramani moja kwenye nyingine. Inatakiwa ibaki nini?"

"Isibaki kitu. Anga ni lile lile."

"Haya. Sasa hiki ni nini?"

Kwenye kioo palikuwa na buluu iliyotulia, na katikati yake doa jekundu, limefifia pembeni kama doa la divai kwenye kitambaa cha meza.

"Upande wa mashariki kuna kitu kinachotutilia joto," alisema. "Kidogo mno, lakini kipo. Na doa lisipopata maelezo, kisanduku hakifunguliwi."

Kisanduku ni desturi yao. Jibu la kazi nzima hufichwa, hata wao wenyewe hawalioni, mpaka majaribio yote yapite. Wanasema mtu akilijua jibu analolitamani, moyo utauvuta mkono. Nilipoisikia desturi hiyo mara ya kwanza niliiheshimu. Siku ile niliiogopa.

"Fikiria vizuri, don Rosalindo. Mashariki, tuseme mwishoni mwa mwaka juzi. Kuna kitu kiliwekwa? Nguzo, waya, bati?"

Alipotaja bati nilianza kukoroga chai isiyo na sukari.

"Kitabu kinasemaje?" nikamuuliza.

"Kinasema hakuna."

"Basi hakuna, daktari. Kitabu hicho ninakiandika mimi."

"Ndiyo maana ninakiamini," alisema, akafunga kompyuta.

Uso ulinishuka mpaka nikajifanya natafuta sukari chini ya meza. Nina miaka hamsini na minne. Mtu wa umri huo kujificha chini ya meza ni jambo la kuchekesha, na ningecheka kama lingekuwa la mwingine.

Jumatatu walifanya mkutano kwenye kioo kikubwa, sura kumi na mbili katika vijidirisha. Mkubwa wao akauliza kuhusu doa. Mmoja akasema labda Mungu alikuwa anavuta sigara upande ule, wakacheka. Daktari Ximena hakucheka.

"Mashariki pako safi, fundi wetu amethibitisha," alisema. "Kosa ni langu. Kuna mahali nimekosea kwenye hesabu na sijapaona. Naomba radhi kwa kuwachelewesha."

Walimpa mwezi mmoja. Asipoliona kosa, vipimo vyote vya mashariki vya miaka miwili vitupwe, na kazi yake ya miaka minne ipotee navyo. Alisema sawa. Kisha akaniomba radhi na mimi, eti alinisumbua bure kwa maswali.

Wiki mbili nilimtazama akijitafuna. Mkate ulikauka mezani kwake. Siku moja nilimsikia akiongea na mama yake kwa simu, anamwambia labda kazi hii si saizi yake. Nilisimama mlangoni na birika, nikajiona: Hermógenes nilimbebesha zamu yangu, Nolberta nikambebesha hasira isiyo yake, na sasa huyu nimemtwika kosa asilolitenda. Mimi mwenyewe sina mzigo ila birika.

Wala usidhani hapo ndipo nilipotubu. Nilifanya la kioga zaidi. Jumamosi asubuhi nilipanda na sururu nikaking'oa kibanda. Ndani yake nilikuta masalia ya mishumaa ya madereva, kigari cha plastiki, na konzi ya majani ya koka ya kutafuna, sadaka aliyoachiwa marehemu na mtu mwungwana kuliko mimi. Nilimwomba kompadre radhi kwa sauti, upepo ukanijibu kwa vumbi la macho. Nikakifunika kwa turubai nyuma ya gari, nikashuka, nikijiambia kwamba doa litaisha na hakuna atakayejua.

Nilipopita ofisini Daktari Ximena alikuwepo, ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Daktari," nikamwambia, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "tuseme kitu kilikuwepo na sasa hakipo. Ramani itapona?"

"Kuanzia leo itapona. Ya nyuma haiponi." Hakuinua macho. "Nahitaji kujua ni kitu gani, kilikaa wapi, na tangu siku gani. Nikipata tarehe nitakipigia hesabu na kukitoa. Bila tarehe natupa yote." Hapo akainua macho. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Nikaondoka. Mpaka leo sielewi miguu ile niliipata wapi.

Nyumbani nilimkuta Nolberta ananisubiri langoni, amebeba mfuko wa maua ya karatasi. Sikukuu ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Kompadre, Anaís kanituma," alisema. "Kayatengeneza mwenyewe. Madereva wamemwambia kuna kibanda cha baba yake huko juu. Mimi sitaki kusikia habari hizo, unanijua, lakini mtoto anataka uyapeleke."

Upepo wa mchana ukalinyanyua turubai. Sikuwahi kulishika. Msalaba ulitokeza juu ya ubavu wa gari, na jina la Hermógenes limeandikwa kwa rangi nyeupe, mwandiko ambao Nolberta anaujua tangu zamani.

Nolberta alisogea akalisoma jina.

"Umeking'oa."

"Ndiyo, komadre."

"Nilidhani madereva ndio waliokijenga. Huu mwandiko ni wako."

"Ni wangu."

"Na asiye ndugu hajengi bure." Akauweka mfuko wa maua chini, taratibu. "Sema, Rosalindo." Hakuniita kompadre.

Nikasema. Nilisema nimesimama kwenye jua, bila kofia, na maneno yalitoka mafupi. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelewa. Nilimwomba, akakataa, nikamwomba tena. Hakusema neno baya kuhusu sherehe. Hayo niliyatunga mimi, uani kwako, watu wakinitazama.

Nilitazamia anipige. Aliketi kwenye kizingiti changu.

"Miaka miwili nimemnunia maiti," alisema. "Nimemnyima mshumaa. Nimelala nikimtukana. Na mtoto nimemwambia kwa kinywa changu hiki, baba yako aliona mlima bora kuliko wewe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na leo unasema kwa sababu upepo umekufunua."

"Ndiyo."

"Usingefunuka, ungesema?"

Ningeweza kuongeza uongo wa tatu. "Sijui," nikamjibu. "Pengine nisingesema."

"Basi maneno yako ya leo hayanitoshi. Kesho utayageuza. Nenda kayaandike kwenye hicho kitabu chenu, yasomwe na watu. Kisha uje umwambie Anaís wewe mwenyewe. Mimi simwambii. Mimi nilishamwambia ya kwako."

Nilirudi ofisini. Daktari Ximena alikuwa bado pale. Sikumsalimu, nilichukua kitabu cha zamu, nikarudi kurasa za mwaka juzi, nikalikata neno "hakuna" kwa mstari mmoja, na pembeni nikaandika hivi:

"27 Oktoba. Kitu kipya: kibanda cha marehemu Hermógenes Tejerina, paa la bati, kona ya ukingo wa mashariki. Kimewekwa na R. Zuleta, hakikuandikwa. Kimeondolewa leo na huyo huyo. Marehemu alipanda tarehe 18 kwa kuombwa na R. Zuleta, aliyekuwa na zamu na amelewa. Hakuomba mwenyewe kama ilivyosemwa."

Nikamsukumia. Aliusoma mstari wa kwanza, mgongo ukamnyooka. Akausoma wa mwisho, akasoma tena tangu mwanzo.

"Wiki mbili nimejiona mjinga, don Rosalindo," alisema.

"Najua."

"Nilimwambia mama yangu nitaacha."

"Nilikusikia."

Hapo ndipo aliponitazama kama watu wanavyotazama kitu walichokikanyaga. Hakunitukana. Alichukua kalamu, akanakili tarehe mbili, ya kuwekwa na ya kuondolewa, akanigeuzia mgongo akaanza kazi. Tangu siku hiyo haniiti tena don Rosalindo, ananiita bwana Zuleta, na chai anajimiminia.

Anaís nilimkuta jikoni kwao, anakata karatasi kwa maua mengine. Sasa ana miaka kumi na mitatu na mikono ya baba yake. Nolberta alisimama mlangoni ametupa mgongo. Nilimweleza mtoto yote, kofia mkononi, na sikujitetea hata kwa neno moja, kwa kuwa lile moja lingezaa mengine.

"Kwa hiyo hakutaka kwenda," alisema.

"Hakutaka. Alisema utamuua."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Na huko juu alikaa sana?"

"Dakika kumi. Aliandika mwenyewe kitabuni: saa mbili na nusu, pampu salama. Akageuza gari papo hapo."

Mkasi ulisimama.

"Akageuza? Yaani gari lilikuwa linashuka?"

"Lilikuwa linashuka. Lilikuwa linakuja huku. Angewahi."

"Mimi siku zote nilidhani alikuwa anapanda," alisema Anaís.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Mji mzima ulijua gari lilielekea wapi, na hakuna aliyefikiri kwamba mtoto hajui. Miaka miwili alimwona baba yake akilini mwake akizidi kwenda mbali.

Aliweka mkasi, akainuka, akanipa mkono kama mtu mzima. "Ahsante kwa kuniambia, baba wa ubatizo."

Nimewahi kufokewa na kutolewa baa kwa kola ya shati. Hakuna kilichoniinamisha kama shukrani ile. Nilitoka bila kuona ngazi.

Daktari Ximena alilitoa doa kwa zile tarehe mbili, majaribio yakapita, wakafungua kisanduku chao. Nasikia ndani mlikuwa na mambo mema. Sikualikwa, wala sikuuliza. Nolberta na Anaís walikirudisha kibanda mlimani wenyewe, si pale pale kama desturi inavyotaka bali hatua kumi na nne chini ya ukingo, mahali Daktari alipowapimia ambapo darubini haipaoni. Ninapopita huvua kofia, lakini sisimami, kwa sababu sijapewa ruhusa ya kusimama.

Tarehe kumi na nane zamu ilikuwa yangu tena. Niliikataa divai ya mkesha, nikapanda alfajiri, nikakagua pampu. Saa nne na nusu mlinzi wa bondeni akaniambia kwa redio kwamba ngoma imeanza.

"Anaís yumo?" nikauliza.

"Yumo. Kavaa njuga. Mama yake yuko mstari wa mbele, na pembeni yake kaweka kiti kitupu. Mtu yeyote akitaka kukikalia anamwondoa."

Nikamshukuru, nikazima redio, nikafungua kitabu cha zamu. Mbele ya maneno "kitu kipya" nikaandika hakuna. Ilikuwa kweli, na bado nilitoka nje kuukagua ukingo wa mashariki kabla ya kutia jina langu.